Chagua kipande, si mto: mwongozo kamili wa kutafuta pa kuvua kwenye mito na vijito vya karibu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa navuka kalvati moja bila hata kugeuza shingo. Chini yake kinapita kijito ambacho mtu mwenye miguu mirefu anaweza kukiruka akiwa amebeba mzigo. Siku moja nilikuwa narudi kutoka kwenye mto mkubwa, ule ambao kila mvuvi ana hadithi yake. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku, nimesafiri, nimetembea, nikafika na kukuta maji rangi ya chai ya maziwa yakibeba magogo. Sikutosa hata ndoana. Jioni, nikiwa naburuta miguu juu ya kalvati, nikasikia: chubwi. Kimya kidogo. Chubwi tena. Kumbikumbi walioletwa na mvua ileile iliyoniharibia safari walikuwa wanaangukia majini, na chini yangu, kwenye shimo lisilozidi upana wa kitanda, samaki walikuwa wanawadaka mmoja mmoja.

Mvua iliyouchafua ule mto mkubwa ilikuwa imeshapita kwenye kijito tangu jana yake. Maji yake yalikuwa yanaonyesha kokoto za chini.

Tangu hapo siulizi tena mto gani ni mzuri. Mto mmoja una kilomita nyingi, na sehemu kubwa ya hizo kilomita, siku yoyote ile, haina samaki wa kuvulika. Ninachotafuta ni kipande: mita mia tatu, mia tano, ninazozijua, zenye maji yanayofaa siku ninayokwenda. Hatua zinazofuata ndizo ninazopitia kila ninapotafuta kipande kipya. Nyingine zinamalizika ukiwa kitandani na simu, na moja inataka siku nzima ya kutembea bila fimbo ya kuvulia.

Hatua ya 1: Jua samaki unayemtaka na muda ulio nao

Wengi huanza na ramani. Anza na samaki, kwa sababu samaki ndiye atakayekuambia uangalie upande gani wa ramani.

Jambo kubwa ni joto la maji. Samaki hana joto lake mwenyewe la kujitegemea, mwili wake unafuata maji. Trauti anapenda maji baridi. Anakula vizuri kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi hivi, na maji yakipita 20 anaanza kuteseka, kiasi kwamba hata ukimrudisha majini baada ya kumnasa anaweza kufa. Perege ni kinyume chake: sato wa Nile, ambaye ni aina ya perege, hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na maji yakishuka sana chini ya 20 anapoa hata hamu ya kula. Ukimtafuta perege kwenye kijito cha mlimani chenye maji ya kuuma vidole, umepoteza siku kabla hujaondoka nyumbani.

Joto linaambatana na hewa. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto: katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yanaweza kushika miligramu 11 hivi kwa lita, ya nyuzi 20 miligramu 9, na ya nyuzi 30 miligramu 7 na nusu. Ndiyo maana majira ya joto samaki wengi husogea kwenye maji yanayorukaruka juu ya mawe, kwa kuwa pale hewa inachanganyika na maji. Kambare wa jamii ya Clarias hana shida hiyo. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya nje, kwa hiyo dimbwi bovu lililoachwa na mto likikaukia linaweza kuwa limejaa kambare wakati samaki wengine wote wameshakufa au wamehama.

Muda nao uutazame bila kujidanganya. Kipimo changu: kwa kila saa moja ya njiani, niwe na saa tatu za kuvua. Safari ya saa nne kwenda na kurudi kwa ajili ya alasiri moja ni matembezi, si uvuvi. Na kama unakwenda na mtoto au mtu mzima asiyeweza kushuka makorongo, basi ukingo tambarare wenye kivuli una thamani kuliko samaki wakubwa.

Hatua ya 2: Soma ramani kama mtu anayetafuta mteremko

Chukua ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, iwe ya karatasi au ya simu. Tafuta mahali mstari mmoja unapokatiza mto, kisha unaofuata. Tofauti ya urefu kati ya mistari hiyo igawe kwa umbali wa mto katikati yake. Mto ukishuka mita 20 ndani ya kilomita moja, tarajia mawe, kelele, povu jeupe na maji ya baridi. Ukishuka chini ya mita moja kwa kilomita, tarajia maji ya pole, matope, majani ya majini na mizunguko mingi. Marcel Huet, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, alionyesha mwaka 1949 kwamba kwa mito ya Ulaya Magharibi ukijua mteremko na upana wa mto unaweza kukisia kundi la samaki wanaoishi humo: juu trauti, chini kabisa samaki wa maji tulivu ya matope. Aina za samaki hubadilika kutoka bara hadi bara, lakini ule mpangilio wa kutoka juu kwenda chini utauona karibu kila mahali.

Kisha hesabu mikono ya mto. Kijito ambacho hakijapokea kingine chochote kiite daraja la kwanza. Viwili vya daraja la kwanza vikikutana, vinafanya daraja la pili; viwili vya daraja la pili vinafanya la tatu. Utaratibu huu wa Arthur Strahler wa mwaka 1952 ni wa wanajiografia, lakini mvuvi anaufaidi. Daraja la kwanza mara nyingi hukauka kiangazi. Daraja la tano na kuendelea huwa mto mpana unaotaka mtumbwi na ujuzi mwingine. Mtu wa kuvua kwa miguu akiwa peke yake, la pili mpaka la nne ndiyo mahali pake. Na usiyadharau ya pili: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Samaki wa shibri mbili kwenye kijito cha hatua tatu ni mfalme, na hajaona chambo chako kabla.

Sasa fungua picha za setilaiti na uangalie haya. Kwanza mizunguko: upande wa nje wa kona maji hukwangua, kina kinaongezeka, upande wa ndani mchanga unatua, nao huonekana kwa juu kama mwezi mwandamo mweupe. Penye mchanga mweupe upande mmoja, tafuta kilindi upande wa pili. Kwenye vipande vyenye mawe na changarawe, wapimaji wa mito wamekuta mara kwa mara kwamba vilindi hufuatana kwa umbali wa mara tano hadi saba ya upana wa mto. Mto wa mita 10 basi, tarajia kilindi kila mita 50 hadi 70. Hesabu hiyo inakusaidia kujua kama mita mia tatu zako zina vilindi vinne au hazina hata kimoja.

Pili, makutano. Mahali kijito cha baridi kinapomwagika kwenye mto uliopata joto, samaki hukusanyika siku za jua kali. Tatu, miti: ukingo wenye kivuli huweka maji baridi, na mizizi yake ni nyumba. Nne, na hili watu hulisahau, angalia picha za miezi ya ukame. Programu nyingi za ramani zina picha za miaka ya nyuma. Mto unaopendeza kwenye picha ya masika unaweza kuwa njia ya mbuzi miezi mitatu baadaye.

Tano, angalia kilichoko juu ya kipande chako. Kiwanda, mji, machimbo ya mchanga, mashamba yanayolimwa mpaka ukingoni: vyote vinatiririka kuja kwako. Jitahidi uwe juu yake, usiwe chini yake. Kama kuna bwawa la umeme, jua kwamba maji ya chini yake yanaweza kupanda ghafla mitambo ikifunguliwa, bila tone la mvua kuanguka. Tafuta ratiba ya kufungulia maji au tafuta mto mwingine.

Mwisho pima umbali kutoka barabarani. Kila daraja la barabara lina njia iliyokanyagwa na kila njia inaishia kwenye shimo lililovuliwa mpaka likachoka. Tembea dakika ishirini na hali hubadilika. Kalvati langu lilinusurika kwa kudharauliwa tu.

Hatua ya 3: Ruhusa mbili tofauti

Kuna ruhusa ya kuvua na kuna ruhusa ya kupita. Ya kwanza ni ya serikali: leseni, miezi iliyofungwa, urefu wa chini wa samaki, idadi ya kuchukua, aina ya chambo na zana. Haya hayafanani hata kati ya mito miwili ya jirani. Uingereza, kwa mfano, mito ya England na Wales hufungwa kwa uvuvi wa samaki wasio wa jamii ya trauti na salmoni kuanzia tarehe 15 Machi hadi 14 Juni, ili wazaliane. Mto ukiwa mpaka wa maeneo mawili ya utawala, uliza sheria ya ukingo utakaosimama na ya ule wa pili.

Ruhusa ya kupita ni ya mwenye ardhi. Maji yanaweza kuwa ya umma na ukingo ukawa na mwenyewe. Nenda ukaonane naye mapema, mchana, mikono mitupu. Mtu anayekuta fimbo imeshaegemezwa kwenye mti wake ameshanyimwa nafasi ya kukukaribisha. Hifadhi za wanyama na vyanzo vya maji ya kunywa huwa na masharti yake, wala usikisie.

Hatua ya 4: Uliza, lakini usiulize kama kuna samaki

Hilo ni swali bovu. Jibu lake ni "wapo" hata kama hawapo, kwa adabu tu. Niliwahi kumkuta mzee mmoja akinywesha ng'ombe.

"Shikamoo, mzee. Samaki wapo hapa?"

"Marahaba. Wapo. Wapo kila mahali." Akacheka, akaendelea na ng'ombe wake.

Nikafikiri kidogo, nikauliza tena: "Mzee, ule mwaka wa ukame, mto ulipokatika, ng'ombe mlikuwa mnawanywesha wapi?"

Akageuka kabisa. Akanionyesha kwa fimbo mkuyu uliokuwa mbali, akaniambia pale chini ya mkuyu maji hayajawahi kukauka tangu babu yake. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Maji yakibaki shimo moja, samaki wote wa eneo hukimbilia humo, na mvua zikirudi, wengi hawaendi mbali.

Maswali mengine mawili yenye faida: mafuriko ya mwisho yalifika wapi? Na je, watoto wa hapa hawaruhusiwi kuoga wapi? Hilo la pili litakuambia habari za mamba, mashimo yanayovuta na maji machafu kwa pamoja. Waulize wanaouishi mto kila siku, wachungaji, wakulima wa bondeni, wachota maji, wachimba mchanga. Wavuvi wenzako waulize mwisho. Tunapenda kutaja mto tukaficha kipande.

Hatua ya 5: Fuatilia mvua ya juu, si ya kwako

Mvua inayoamua uvuvi wako ni iliyonyesha kwenye vilima vya juu jana na juzi. Tazama utabiri wa huko. Kama kuna kituo cha kupima kina cha mto na takwimu zake ziko wazi kwenye intaneti, soma mstari wake: unapanda, umesimama, au unashuka?

Maji yanayopanda ni mabaya kwa mvuvi na ni hatari. Yanabeba takataka, samaki wanajificha pembeni, na chambo chako kinapita kwenye tope. Maji yanayoshuka na kuanza kusafika ni mazuri mno, kwa sababu mvua imeshusha minyoo na wadudu na samaki wana njaa baada ya siku mbili za kujibana. Muhimu ni kwamba mito haisafiki kwa pamoja. Vijito vya juu husafika kwanza, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, kisha mikono ya kati, kisha mto mkubwa. Mvua kubwa ikinyesha Alhamisi, Jumamosi panda juu. Wiki inayofuata teremka chini. Ukiwa na vipande vitatu vya ukubwa tofauti, mvua haikunyimi safari, inakuchagulia tu pa kwenda.

Hatua ya 6: Nenda bila fimbo

Najua inauma. Ukienda na fimbo utavua, na ukivua hutaangalia. Mimi hubeba kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi, miwani ya jua yenye kioo cha polaroidi inayokata mng'ao wa maji, daftari, na viatu vya kulowa.

Nikifika, jambo la kwanza ni kuchomeka kijiti palepale maji yanapogusa mchanga. Kisha naendelea na shughuli zangu. Nikirudi baada ya robo saa, kijiti kikiwa ndani ya maji, mto unapanda. Kikiwa mkavu na mchanga unaokizunguka bado una unyevu, unashuka. Ni njia ya bure na haijanidanganya bado.

Chovya mkono mpaka kiwiko. Ukiona kucha zako, maji yanatosha kwa samaki wanaowinda kwa macho. Vidole vikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, ni siku ya kambare na chambo chenye harufu. Teremsha kipimajoto kivulini mpaka kina cha goti, kiache dakika mbili. Pima asubuhi, pima tena saa nane au tisa mchana, kwa sababu joto la mchana ndilo linalowatesa samaki. Pakiwa na chemchemi inayochuruzika ukingoni, pima na hapo: maji ya ardhini hayabadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo ni ubaridi wakati wa joto na ni uvuguvugu wakati wa baridi.

Halafu geuza mawe. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayowachekesha wapita njia. Tafuta jiwe la ukubwa wa kiganja, kwenye maji ya mbio yasiyofika goti. Linyanyue taratibu, ligeuze, litazame kwa karibu. Mwanzoni hutaona kitu. Kisha uchafu mmoja utaanza kutembea. Ukiona wadudu bapa wenye mikia miwili au mitatu kama nywele, wanaokimbilia upande usio na mwanga, furahi: hao hawawezi kuishi kwenye maji yaliyochafuka. Ukiona vibomba vidogo vya mchanga au vipande vya majani vimegandishwa kwenye jiwe, humo mna kiwavi aliyejijengea nyumba, naye ni dalili njema pia. Ukigeuza mawe kumi ukakuta minyoo myekundu tu na utelezi wa kijivu, hapo oksijeni ni haba, na samaki utakaowapata ni wale wa kuvumilia. Wadudu hawa wana faida nyingine kubwa: rangi na ukubwa wao vinakuambia chambo gani kitaeleweka hapo.

Usiogope kila ulionalo juu ya maji. Povu la rangi ya krimu linalokusanyika chini ya maporomoko mara nyingi ni la majani yaliyooza, na lina harufu ya udongo. Povu jeupe lenye harufu ya sabuni ni habari nyingine. Utando unaong'aa rangirangi kama mafuta uchokoe kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande kama kioo na visiungane, ni kazi ya bakteria wa chuma, haina neno. Ukizungukazunguka na kujifunga tena, ni mafuta ya kweli. Rangi ya kijani nzito kama iliyomwagwa kutoka kwenye kopo la rangi, iache kabisa, usivue na usiruhusu hata mbwa anywe; huenda ni bakteria wenye sumu.

Sasa tembea kipande chote, kwenda na kurudi. Unatafuta mchanganyiko: maji ya mbio juu ya mawe, yakiingia kwenye kilindi, yakitoka polepole kwenye mkia wa kilindi kabla ya kukimbia tena. Sehemu ya kwanza inaleta chakula na hewa, ya pili inaficha. Kipande kilicho kilindi kitupu au mbio tupu kina nusu ya nyumba. Zaidi ya yote, tazama mpaka wa maji ya mbio na ya pole: nyuma ya jiwe kubwa, pembeni ya gogo, chini ya ukingo uliobomoka. Samaki husimama kwenye maji ya pole, pua ikielekea ya mbio, akisubiri kinacholetwa. Tupa jani kavu ulifuate kwa macho. Linapopunguza mwendo na kuzunguka, weka alama kwenye daftari.

Ndege nao ni mashahidi. Mdiria akiwa na kijiti anachokirudia, chini yake kuna dagaa wadogo, na penye wadogo wakubwa hawako mbali. Ila ukiona vibakuli vya mviringo vilivyochimbwa kwenye mchanga wa maji mafupi, hivyo ni viota vya perege. Na kwenye vijito vya trauti, doa la changarawe safi katikati ya changarawe yenye utelezi huwa na mayai. Ziandike sehemu hizo kama mahali pa kutokanyaga.

Jambo moja la asubuhi. Kwenye maji ya pole yaliyojaa majani, oksijeni hushuka usiku kucha kwa sababu mimea nayo inapumua gizani, na inafika chini kabisa karibu na alfajiri. Siku za joto, kipande cha namna hiyo usikihukumu saa kumi na mbili asubuhi. Kipe nafasi jua likishapanda.

Hatua ya 7: Pa kuingilia na pa kukimbilia

Kipande kizuri kisicho na njia ya kutokea kifute. Kwenye korongo lenye kuta, maji yakipanda huna pa kwenda, na mafuriko ya ghafla yanaweza kukufikia chini ya anga ya buluu. Dalili zake: maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, sauti ya mto inakuwa nzito. Ukiona hata moja, panda juu kwanza, ufikirie baadaye.

Kama utaingia majini kwa miguu, pima. Tupa kijiti, hesabu sekunde kinazotumia kwa mita 10. Sekunde kumi ni mita moja kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa kina kwa mita. Wapimaji wa mito wana kanuni ya namna hii, na jibu likikaribia 1 hawaingii. Mimi, nisiye na kamba wala mwenzangu wa kunishika, nikipata nusu nageuka. Mita moja ya maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde, basi, tayari ni mwisho wangu.

Kwenye nchi za joto zenye kichocho, maji ya pole yenye konokono yasikuguse ngozi. Vua kutoka ukingoni au vaa buti zisizopitisha maji. Palipo na mamba au viboko, ukingo mrefu ulio wazi ni bora kuliko kichaka kizuri chenye kivuli, na kina cha goti ni kirefu kupita kiasi. Angalia pia juu: fimbo nyingi za siku hizi ni za kaboni, inayopitisha umeme, hivyo kipande kilicho chini ya nyaya za umeme hakifai hata kiwe na samaki wa dhahabu. Radi ikianza, laza fimbo chini uondoke.

Kama nia ni kula, rudia ramani. Chini ya viwanda, migodi na mifereji ya mji, vua na kurudisha. Samaki wakubwa wanaokula wenzao ndio wanaolimbikiza zebaki nyingi, kwa hiyo ukubwa hapo si sifa.

Hatua ya 8: Baki na vitatu

Baada ya kuzunguka, chagua kimoja kikuu, kimoja cha juu kwa siku za baada ya mvua, na kimoja cha karibu kabisa kwa jioni fupi. Ukihama kutoka kimoja kwenda kingine, kagua viatu na wavu, osha matope, kausha kabisa. Mbegu za magugu, mayai ya konokono na magonjwa ya samaki husafiri kwenye unyevu wa buti. New Zealand ilifikia hatua ya kupiga marufuku viatu vya uvuvi vyenye soli ya feliti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) mwaka 2008, kwa sababu soli hiyo haikauki upesi na ilikuwa inahofiwa kusambaza mwani.

Kila safari iandike, hata ya kurudi mikono mitupu, tena hiyo hasa. Si lazima iwe ndefu. Ukurasa wangu wa kwanza wa kile kijito unasomeka hivi: *Kalvati. Jumamosi, saa 11 na nusu jioni. Mvua kubwa juzi. Maji nyuzi 21, yanashuka, kucha zinaonekana. Shimo chini ya kalvati upande wa kushoto, jani linazunguka mara mbili kabla ya kutoka. Kumbikumbi. Wadogo wanne, mmoja wa shibri na nusu, nimemrudisha. Njia ya kushukia ni upande wa mwembe, ule mwingine una upupu.*